Korosho Mbichi kwenye Kitanda cha Bibi Harusi

Naona aibu kuisimulia hii, na nimeikwepa miaka mingi kiasi kwamba hata rafiki zangu wa karibu, hawa tunaosomeana maandishi yetu Jumamosi na kukosoana mpaka chai inapoa, wanajua tu kuwa niliwahi kufundisha Kibiti na kwamba nikiulizwa habari za huko naanza kuzungumzia mvua. Basi leo nasema. Niliwahi kushikwa mchana kweupe, mlango umefungwa kwa ndani, nikinong'ona peke yangu huku nakipakapaka kitanda cha bibi harusi wa watu. Walionishika hawakuongeza chumvi hata chembe. Mlango ulikuwa umefungwa, nilikuwa nanong'ona, na nilikuwa nakipaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vimeanza kumiminika madukani, ndoo za plastiki za rangi ambazo macho yalikuwa hayajazizoea, redio kubwa kama masanduku, na mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu kutoka Makete, nimemaliza chuo cha ualimu, sijui pwani wala watu wa pwani, nimepanga chumba cha mbele kwa mjane mmoja mfuma mikeka aliyeitwa Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa na binti mmoja tu, Siwema, na Siwema alikuwa ameposwa na kijana wa Salale, kule kwenye mikoko, aliyekuwa akinunua kamba kwa wavuvi na kuwauzia wenye viwanda. Mama mtu aliuza mikeka misimu mitatu akamchongeshea mwanawe kitanda cha mninga, ubao wa kichwani umechorwa maua kwa patasi, umepakwa vanishi mpaka ukiinama unajiona. Na kitanda hicho, kwa kuwa chumba changu ndicho pekee chenye sakafu ya saruji na kufuli, kililetwa kukaa kwangu mpaka siku ya kupeleka vyombo.

Bi Tatu alinikabidhi kwa maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Mwalimu, mwanangu, hiki hakikaliwi, hakiegemewi, hakianikiwi hata kanga. Ijumaa watakuja wanawake wa kwa bwana harusi kukagua, na shangazi yake, Bi Somoe, ana macho ya kipanga. Akiona alama atasema kitanda kimeshatumika. Na akisema hivyo mbele za watu, ujue hasemi kitanda, anamsema mwanangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Ufunguo wa lile kufuli ulikuwa mmoja tu, ninao mimi shingoni kwenye uzi. Hilo liwekeni akilini, maana alama yoyote ingekuwa yangu tu, na hilo lilikuja kuninyima usingizi.)

Jumatatu nilirudi kutoka shule na redio yangu mpya, ya kaseti mbili ingawa kaseti nilikuwa nayo moja. Nikaiweka chini ikakoroma, nikaiweka juu ya meza ikakoroma, nikautazama ule ubao wa kichwani, umesimama mrefu karibu na dirisha, nikasema dakika moja tu, nisikie salamu za wasikilizaji, niishushe. Redio ikateleza. Niliidaka kabla haijafika chini, lakini skrubu ya kitako chake ilikuwa imeshapita kwenye mninga kama ukucha wa paka, kutoka kwenye ua la kuchonga kushuka chini, urefu wa shubiri moja. Mstari wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele wa mvi, lakini ilikuwa kana kwamba chumba kizima kimeugeukia kuutazama.

Nje, hatua kumi hivi, Bi Tatu alikuwa amekaa akisuka ukili. Ningemwita. Ningesema tu, "Bi Tatu, njoo uone nilichofanya." Badala yake nilikwenda polepole kwa vidole vya miguu nikafunga mlango, na kila kilichofuata kilitokana na mlango ule.

Fundi aliyekichonga alikuwa nyuma ya msikiti tu, lakini nikifikiria kwenda kwake naona ananiuliza mkwaruzo wa kitanda kipi, halafu anamwambia mkewe, mkewe anakwenda kisimani. Hapana. Nikakumbuka kuwa chuoni, katika sayansi kimu, mwalimu wetu alituonyesha namna ya kuficha mikwaruzo midogo ya samani kwa kutumia punje ya karanga: unaikata, unaisugua juu ya mstari, unapasha kwa kidole, mafuta yanazama ndani ya mti na rangi inarudi. Karanga sikuwa nazo na kwenda kununua nikaona ni kujitangaza. Lakini chini ya dirisha langu, juu ya jamvi, Bi Tatu alikuwa ameanika korosho za msimu, bado zina maganda yake. Kama karanga inaweza, nikawaza, korosho je, yenye mafuta mara mbili? Nikapenyeza mkono, nikachukua nne.

Sasa, ndugu zangu wa pwani, najua mmeshashika vichwa. Kwetu Makete korosho tulizijua za kwenye pakiti, nyeupe, zimetiwa chumvi. Nilijua zina ganda. Sikujua lile ganda lina nini ndani. Ya kwanza niliipasua kwa meno, ikatoa kimiminika kizito cha kahawia, nami nikafurahi: mafuta hayo! Nikasugua. Mstari ukameza, ukafifia, ukatoweka. Nikakaa chini nikalamba vidole, nikajiona fundi.

Asubuhi ya Jumanne midomo yangu ilikuwa imevimba mithili ya maandazi mawili yaliyopangwa moja juu ya lingine, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimepata malengelenge, na nilipofunua shuka niliyoutandikia ule ubao nilitaka kuzimia. Palipokuwa na unywele sasa palikuwa na doa jeusi pana kama jani la mwembe, na vanishi kandokando yake imenyanyuka vipele kama ngozi yangu mwenyewe.

Mlango ukagongwa.

"Mwalimu! Leo huendi shule?" Ni Bi Tatu.

"Jino linauma."

"Jino gani?"

"La nyuma."

"Upande upi?"

Kwa nini anauliza upande? Mtu anayeamini kuwa jino linauma anahitaji upande wa nini? Tangu dakika ile nilijua, au nilidhani nimejua, kuwa Bi Tatu ameshajua na ananizungusha tu. Baadaye akamtuma Siwema na maji ya chumvi ya kusukutua, nami nikafungua mlango upana wa kikombe, kanga mdomoni. Siwema akanipa kikombe, lakini macho yake yakapita begani kwangu.

"Dada Mwalimu, kitanda umekifunika?"

"Vumbi."

"Mbona wiki yote hukukifunika? Leo ndiyo vumbi limekuja?"

Akacheka akaenda zake. Mimi nikabaki nimesimama nikikipima kile kicheko, kina nini ndani, kimemalizika ghafla au kawaida, na aliporudi kwa mama yake walinong'ona ama walikuwa wanakohoa. Ukishakuwa na siri, nyumba ya watu inakuwa na masikio mpaka kwenye makuti.

Jumatano niliamua kulitengeneza kisawasawa. Nilikumbuka somo lilikuwa na sehemu ya pili: shimo au doa hujazwa nta iliyochanganywa na unga wa mkaa, ikikauka inakwanguliwa kwa wembe, inang'arishwa kwa kitambaa safi. Nikapanga ununuzi kijanja sana (huu ndio ujanja ninaouonea aibu kuliko yote): nisinunue vitu vyote duka moja, maana mwenye duka akiviona pamoja atajua natengeneza samani. Nikanunua nta kwa muuza asali, wembe mpya duka la kona, nusu mita ya bafta nyeupe kwa yule wa karibu na stendi, mkaa kidogo kwa mama mmoja njiani. Midomo ilikuwa imefika pabaya, kutamka "shikamoo" kulikuwa kazi, kwa hiyo walionisalimu nilipita nimeinamisha kichwa, kanga nimejiziba mpaka puani. Na kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa hauwezi kushika kitu, nilipokea na kulipa kwa wa kushoto.

Nilirudi nyumbani nimeridhika kuwa hakuna aliyeshuku.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Bi Tatu na Siwema wako jikoni uani, nikafunga mlango, nikawasha jiko dogo, nikayeyusha nta ndani ya kopo pamoja na unga wa mkaa. Moshi ukajaa. Nikapiga magoti mbele ya ubao wa kichwani, wembe mkono wa kushoto, bafta begani, nikaanza kujaza na kukwangua, na kama ilivyo tabia yangu mpaka leo nikiandika, midomo ikawa inanong'ona yenyewe, "ingia, tulia hapo hapo, usitoke, usionekane, Ijumaa ipite salama."

Sikusikia watu wakija. Nilichosikia ni sauti nene ya mwanamke, nje ya mlango wangu hasa, ikisema, "Nyamazeni. Sikilizeni wenyewe."

Halafu mlango ukapigwa kofi.

"Fungua!"

Nilifungua, maana ningefanya nini. Mbele alisimama mama mrefu, mweusi tii, kavaa kanga mpya zenye kunuka duka, matope ya mikokoni yamekaukia visiginoni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Bi Somoe alikuwa amesema atakuja Ijumaa, na kwa hiyo alikuja Alhamisi. Nyuma yake wanawake watano wa kwao, nyuma yao majirani, nyuma ya majirani yule muuza asali. Bi Tatu alikuja mbio kutoka uani na mwiko mkononi. Wote wakatazama ndani: jiko, kopo la uji mweusi, wembe, kitambaa cheupe, na mimi na midomo yangu.

"Mtume!" akasema mmoja.

"Bi Somoe, karibu," Bi Tatu akaanza, "hatukuwa tumejiandaa, huyu ni mpangaji wangu tu, Mwalimu..."

"Nimeshasikia habari za Mwalimu wako tangu nashuka stendi," akasema Bi Somoe, hapazi sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Jana kazunguka maduka manne, kila duka kitu kimoja. Kasalimiwa hajaitikia. Kalipa kwa mkono wa kushoto. Nta, wembe, mkaa, bafta nyeupe. Bi Tatu, mimi na wewe tumezeeka. Mtu anayetumwa na mganga hutumwa vipi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, tena sikuhitaji kuelezwa, kwa namna wanawake wote walivyotulia. Duka moja kitu kimoja, usiitikie salamu, usitoe mkono wa kulia. Ujanja wangu wote, hatua kwa hatua, ulikuwa masharti ya dawa.

"Mchana kweupe," akasema wa nyuma. "Wengine hungoja hata giza."

"Anamtaka huyo bwana harusi. Wa bara hawa wakipenda hawasemi."

"Leo umemkuta, shoga. Mungu kamuumbua, tazama mdomo ulivyomgeuka!"

Bi Somoe akamgeukia mwenye nyumba. "Sina ugomvi na wewe, Bi Tatu. Lakini mwana wetu hatumlazi juu ya kitanda kilichosomewa, na nyumba kilimotoka hatuwezi tena kuoa. Wali wako tumeshukuru." Akazifunga kanga zake upya kiunoni, kama mtu anayeondoka.

Siwema alikuwa ameegemea mwimo wa mlango. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi, "Dada Mwalimu, nilikukosea nini?"

Nimeandika kurasa nyingi tangu wakati huo na sijapata kuandika swali lililonichoma namna ile. Nikasogea kando ya ubao, nikalionyesha doa, wanawake wakarudi nyuma hatua moja wote pamoja, na kwa midomo ile niliyokuwa nayo nikaanza kueleza, redio, skrubu, mstari, woga, sayansi kimu, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika muongo.

"Mkwaruzo uko wapi?" akauliza Bi Somoe. "Mimi naona doa."

"Ulikuwepo. Niliupaka korosho."

"Korosho!" Wakacheka kwa dharau. "Korosho tunakula sisi na watoto wetu. Tafuta uongo mwingine, binti."

Lakini Bi Tatu hakucheka. Aliweka mwiko chini.

"Korosho ipi, Mwalimu?"

Nikanyoosha kidole dirishani, kwenye lile jamvi.

"Zile? Mbichi?"

"Mbichi."

"Na maganda yake?"

"Ndiyo."

"Uliipasua na nini?"

Nikaigusa midomo. "Kwa meno."

Bi Tatu akanishika mkono wa kulia akaupeleka kwenye mwanga, akatazama vidole, akatazama midomo, akanusa, na nikaona mabega yake yameanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, Bi Tatu, mpaka akakaa kwenye kizingiti. Bi Somoe naye akaninyang'anya ule mkono, akausogeza karibu na yale macho yake ya kipanga, akaugeuza mbele na nyuma kama anayekagua samaki.

"Huu moto wa ganda la korosho," akasema polepole. "Hata mtoto wa kutambaa Rufiji haitii hiyo mdomoni." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Na vidole ulilamba?"

"Nililamba."

Akawageukia wenziwe. "Mchawi gani huyu? Mchawi hajui korosho?"

Hapo ndipo uwanja mzima ulipoangua kicheko, na kilikuwa kicheko kibaya kweli, nakiri, lakini kilikuwa kizuri kuliko kile cha dharau. Wakamwita fundi kutoka nyuma ya msikiti. Akakwangua nta yangu yote, akasugua kwa jani la msasa, akapaka vanishi, akatikisa kichwa.

"Huo mstari unaousema, Mwalimu, ningeufuta kabla chai yangu haijapoa. Ila hili umelichoma mpaka ndani. Hili watazeeka nalo."

Basi likabaki jambo lile lile la mwanzo: kitanda kina alama, na alama ina maana yake. Bi Somoe akalipitishia doa kidole. Bi Tatu alikuwa ameacha kucheka. Wote tukamtazama Bi Somoe.

"Alama isiyo na mwenyewe humwangukia bibi harusi," akasema mwisho. "Hii ina mwenyewe. Kitanda kinakwenda Salale, na mwenyewe anakwenda nacho, mbele, akiulizwa anajibu. Nyumba kwa nyumba. Akikubali, harusi ipo."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Kwa hiyo siku ya kupeleka vyombo, wenzangu, ngoma zikilia na wanawake wakipiga vigelegele, aliyetangulia mbele ya sufuria, mikeka na magodoro nilikuwa mimi, nimeushika ubao wa kichwani kwa mbele na mwanamke mmoja kwa nyuma, doa limeelekezwa kwa watu. Kibiti nzima ilitoka. "Nani kakiharibu?" wanauliza, na wanajua. "Mimi." "Kwa nini?" "Nilipaka korosho mbichi." Kwenye mashua niliushikilia mapajani, na tulipofika Salale maji yamekupwa, nikashuka kwenye tope mpaka magotini, kamba wanarukaruka, midomo yangu imeanza kubanduka magamba, na Bi Somoe nyuma yangu kila tukikaribia nyumba: "Sauti, Mwalimu. Sauti, wasikie hata wa jikoni."

Siwema akaolewa. Alipokuja kuniaga alinikumbatia, akaninong'oneza kuwa ningemwambia Jumatatu ile ile angeufunika ule mstari kwa mto na mazungumzo yangeishia hapo, tena bwana harusi mwenyewe asingeona kitu. Nikamwambia nimeshajifunza. Akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, akasema, "Lakini kweli ilikuwa korosho tu?" Akacheka. Nikacheka. Sijui kama tulikuwa tunacheka kitu kimoja.

Nilidhani yamekwisha. Wiki mbili baadaye, mchana, nimekaa barazani nasahihisha madaftari, akaja mama mmoja nisiyemjua, kavaa vizuri, akatazama huku na huku, akachutama kando yangu. Akasema mumewe ameanza kuchelewa kurudi. Nikampa pole. Akasema amesikia kuwa mimi natumia korosho.

Nikamweleza yote upya, redio, skrubu, meno. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa kuwa mambo mengine hayasemwi barazani, akaniachia kuku mguuni kwangu, akaondoka haraka.

Niliomba uhamisho mwezi ule ule. Na nimeapa, wala si kiapo cha mdomo mzima tu, nilikiapa na ule uliovimba: nikikwaruza kitu cha mtu, kiwe kabati, kiwe kijiko, sitakitazama mara ya pili kabla sijaufungua mlango wazi na kumwita mwenyewe kwa jina, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.